Skrini ya wima, video ya mlalo: Jinsi ya kutafuta hitilafu bila kupoteza pesa

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotumia runinga kuonyesha bei na matangazo hukumbana na tatizo moja ambalo huwagharimu pesa bila sababu. Runinga husimamishwa wima ukutani, diski ya USB ikachomekwa, halafu picha ikatokea imelala ubavu, imebanwa katikati, imekatwa kingo, au isitokee kabisa.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwa runinga. Fundi huitwa, kifuniko hufunguliwa, na wakati mwingine skrini nyingine hununuliwa. Ilhali kasoro ya aina hii aghalabu haimo ndani ya runinga. Imo katika jinsi faili ilivyotayarishwa au jinsi kifaa kinachoicheza kilivyopangwa, na mwenye duka anaweza kuitambua mwenyewe bila kulegeza skrubu hata moja.

Katika kijiji cha Kianda, kilichoko upande wa magharibi wa Kibera karibu na mtaa wa Olympic jijini Nairobi, jambo hili lina uzito wake. Vyumba vingi vya Kibera havizidi sana futi 10 kwa 10, na kuta zake ni za udongo au mabati. Mbele ya duka la dawa, kinyozi au wakala wa M-Pesa pana mlango, pana dirisha la kuhudumia wateja, na nafasi inayosalia ni ukanda mwembamba. Hali si tofauti katika vichochoro vya Kawangware.

Runinga ya inchi 32 ikilazwa huhitaji upana wa takriban sentimita 71 kwa picha peke yake. Ikisimamishwa wima, upana huo hupungua hadi sentimita 40. Ndiyo maana mwenye duka huamua kuisimamisha, ingawa iliundwa ikae imelala.

Tangazo lisilosomeka ni hasara. Mteja asiyeona bei huenda duka la pili. Katika zahanati, mama aliyebeba mtoto mgongoni hatasimama njiani akiinamisha shingo ili asome tarehe ya chanjo iliyolala ubavu.

VIUNGO VITATU

Ili kutafuta hitilafu kwa utaratibu, ni sharti kujua kwamba picha hupitia viungo vitatu kabla ya kumfikia mtazamaji. Cha kwanza ni faili yenyewe, iwe ya picha au ya video. Cha pili ni kichezeshi, yaani kifaa kinachoisoma faili hiyo: kinaweza kuwa tarakilishi, kisanduku cha Android, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, au sehemu ya USB iliyomo ndani ya runinga. Cha tatu ni skrini.

Kila kiungo kati ya hivyo kinaweza kuigeuza picha, na hapo ndipo mkanganyiko huzaliwa. Kanuni ya msingi ni kwamba picha igeuzwe mahali pamoja tu. Faili ikigeuzwa nyuzi 90, na kichezeshi nacho kikaigeuza nyuzi 90 kwa upande huo huo, jumla ni nyuzi 180 badala ya 90 na picha haikai sawa. Vikigeuza kwa pande zinazopingana, kimoja hufuta kazi ya kingine na picha hurudi ilivyokuwa.

Runinga za kawaida za nyumbani kwa jumla hazina uwezo wa kugeuza video inayosomwa kutoka kwa diski ya USB. Skrini nyingi zilizoundwa mahususi kwa matangazo huwa na uwezo huo. Kwa hivyo, anayetumia runinga ya nyumbani pamoja na diski ya USB pekee hana budi kuigeuza picha ndani ya faili. Anayetumia tarakilishi au kisanduku ana hiari ya kuigeuza kwenye mipangilio ya kifaa hicho, na faili aiache ilivyo.

Katika tarakilishi yenye Windows, mpangilio huo umo katika sehemu ya skrini, ambapo mtumiaji huchagua neno "Portrait" kwa wima au "Landscape" kwa mlalo. Raspberry Pi pia ina mahali pa kugeuza skrini katika mipangilio yake. Baadhi ya visanduku vya Android huwa na mpangilio kama huo, na vingine huhitaji programu ya ziada.

PICHA YA MAJARIBIO

Kabla ya kubadilisha chochote, inafaa kutayarisha picha moja ya majaribio. Haihitaji ufundi mkubwa, kwani programu yoyote ya kuchorea inatosha.

Kwa skrini ya wima, picha iwe na upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1920. Kwa skrini ya mlalo, vipimo hivyo vibadilishane nafasi. Mstari mweupe uchorwe ukizunguka kingo zote nne. Katikati uchorwe mduara kamili. Juu uandikwe JUU pamoja na mshale, na pembeni yaandikwe KULIA na KUSHOTO. Picha ihifadhiwe mara mbili: kama picha ya kawaida ya JPEG, na kama video fupi ya sekunde 10 ya aina ya MP4.

Picha hiyo hujibu maswali karibu yote. Mshale usipoelekea juu, kuna mgeuzo uliokosekana au uliozidi. Mduara ukiwa umbo la yai, picha imevutwa. Mstari mweupe usipoonekana, kingo zimekatwa. Herufi zikisomeka kinyume kama katika kioo, mahali fulani picha imepinduliwa badala ya kuzungushwa.

Iwapo JPEG inaonekana sawa lakini video haionekani sawa, skrini haina kosa, na uchunguzi unapaswa kuelekezwa kwa faili ya video. Iwapo zote mbili zina kasoro ile ile, kagua kichezeshi na mipangilio ya runinga.

VIDEO ILIYOLALA UBAVU

Malalamiko ya kawaida zaidi ni ya video iliyorekodiwa kwa simu. Katika simu inaonekana imesimama vizuri, lakini kwenye runinga imelala.

Sababu ni kwamba simu nyingi zinaporekodi zikiwa zimesimamishwa haziupangi upya mpangilio wa pikseli. Hurekodi jinsi kihisi cha kamera kilivyolala, kisha huandika ndani ya faili agizo dogo la kuigeuza wakati wa kuicheza. Simu na tarakilishi nyingi hulitii agizo hilo. Baadhi ya runinga, hasa za zamani, hulipuuza.

Dawa yake ni kuifungua video hiyo katika programu ya kuhariri na kuihifadhi upya, ili pikseli zenyewe zipangwe inavyotakiwa. Kuigeuza katika programu ya kutazamia pekee hakutoshi. Kwa mfano, VLC inaweza kuizungusha video machoni pa mtazamaji huku faili ikibaki vile vile kwenye diski.

Upande wa kugeuzia nao hukosewa mara kwa mara. Ikiwa runinga imezungushwa kufuata mwendo wa saa, yaani ukingo wake wa juu sasa uko kulia kwa mtazamaji, picha ndani ya faili igeuzwe kinyume cha mwendo wa saa. Ikiwa ukingo wa juu umeenda kushoto, picha ifuate mwendo wa saa. Kuweka alama ya chaki kwenye ukingo uliokuwa juu kabla ya kuitundika runinga huepusha ubishi.

MIKANDA MYEUSI NA KINGO ZILIZOKATWA

Runinga bapa za kisasa zina uwiano wa 16 kwa 9, yaani kwa kila vipande 16 vya upana kuna vipande 9 vya kimo. Skrini ikisimamishwa wima, uwiano huwa 9 kwa 16. Video ya wima ikichezwa kwenye skrini ya mlalo, au ya mlalo kwenye ya wima, haiwezi kuijaza skrini bila kukatwa au kuvutwa. Kichezeshi huiweka katikati na kuacha mikanda myeusi.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa hasara hiyo. Video ya uwiano wa 9 kwa 16 katika skrini ya 16 kwa 9 huchukua takriban asilimia 32 tu ya eneo lote. Mwenye duka amelipia inchi 32, lakini tangazo lake liko katika chini ya theluthi moja ya kioo.

Wengi hujaribu kuondoa mikanda hiyo kwa kubonyeza rimoti hadi picha ijae. Matokeo yake ni sura za watu zilizopanuka na chupa za dawa zilizonenepa. Tiba halisi ni kutayarisha faili mbili tangu mwanzo, moja ya wima na moja ya mlalo, maandishi yakipangwa upya katika kila moja.

Kingo zinapokatwa kidogo pande zote nne, chanzo huwa tofauti. Runinga nyingi huikuza picha kidogo na kuficha ukingo wake, desturi iliyobaki kutoka enzi za runinga za kioo kinene. Katika mipangilio ya ukubwa wa picha hutafutwa chaguo la kuonyesha picha ilivyo, ambalo katika baadhi ya runinga limeandikwa "Just Scan" au "Screen Fit". Lisipopatikana, maandishi muhimu yasogezwe mbali na kingo.

SAUTI IPO, PICHA HAKUNA

Hitilafu hii hutisha zaidi kwa sababu hufanana na kuharibika kwa runinga. Kwa kawaida huwa na vyanzo viwili.

Cha kwanza ni namna video ilivyofinyazwa. Simu nyingi za sasa zinaweza kurekodi kwa mfumo wa H.265, ambao hupunguza ukubwa wa faili, lakini runinga na visanduku vingi vya zamani huelewa H.264 tu. Faili zote mbili zinaweza kuwa na jina linaloishia kwa MP4, kwa hivyo jina pekee si ushahidi. Video ibadilishwe iwe H.264.

Cha pili huhusu mkao wenyewe. Baadhi ya vichezeshi viliundwa kupokea video yenye kimo kisichozidi pikseli 1080 hivi. Video ya wima yenye kimo cha pikseli 1920 huvuka mpaka huo ingawa idadi ya pikseli zake ni ile ile. Kifaa huikataa, hukwama, au hutoa sauti peke yake.

Ujanja wake ni rahisi. Tangazo la wima lilazwe ndani ya faili ya mlalo ya pikseli 1920 kwa 1080, likiwa limegeuzwa nyuzi 90. Kifaa hudhani kinacheza video ya kawaida ya mlalo, na runinga iliyosimamishwa ukutani ndiyo inayoliweka tangazo wima.

Diski ya USB nayo ichunguzwe. Diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayozidi gigabaiti 4. Kwa upande mwingine, baadhi ya runinga hazisomi mifumo mingine. Suluhisho ni kuigawanya video ndefu katika vipande vifupi.

SKRINI MBILI, CHANZO KIMOJA

Mwenye hoteli anaweza kutaka skrini ya mlalo ndani, kwa ajili ya wanaokula, na ya wima nje kwa wapita njia. Hununua kigawanyaji cha HDMI, akaunganisha zote mbili kwenye kisanduku kimoja, na moja kati yake ikakataa kukaa sawa hata afanye nini.

Kigawanyaji cha kawaida hakitengenezi picha mbili. Hunakili ile ile moja na kuipeleka pande zote. Kisanduku kikigeuza picha ili ifae skrini ya nje, ya ndani nayo hugeuka. Tena, skrini hizo zikiwa na uwezo tofauti, mara nyingi ishara hushushwa kufuata ile dhaifu.

Hapa hakuna mpangilio wa rimoti utakaosaidia. Panahitajika vichezeshi viwili, au tarakilishi yenye matundu mawili ya kutolea picha ambayo kila moja linaweza kupangwa kivyake. Njia ya bei nafuu zaidi ni kuchomeka diski ya USB katika kila runinga, kila diski ikiwa na faili zake.

STIMA INAPOPOTEA

Kuna hitilafu ambazo hutokea tu baada ya stima kupotea na kurudi. Jana tangazo lilikuwa sawa, leo limekuwa dogo au limerudi mlalo, na hakuna aliyegusa chochote.

Runinga na kisanduku vilivyounganishwa kwa HDMI huulizana vipimo vinapowashwa. Stima ikirudi ghafla, kisanduku kinaweza kuamka kabla ya runinga, kikakosa jibu, na kuchagua vipimo vya kubahatisha. Jambo la kwanza kujaribu ni kuzima vyote viwili, kuwasha runinga, kusubiri picha itulie, kisha kuwasha kisanduku. Tatizo likijirudia kila mara, kisanduku kipangiwe vipimo maalumu ili kisitegemee jibu la runinga.

Saa nayo hupotea. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5, lililotoka mwaka wa 2023, hazina saa inayoendelea kutembea stima ikizimwa, na hata hilo la 5 huhitaji betri yake ndogo inayonunuliwa kando. Mahali pasipo na intaneti, kifaa huamka na tarehe isiyo sahihi, na tangazo la asubuhi likachezwa usiku.

Stima ikikatika wakati kifaa kinaandika kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi hiyo inaweza kuharibika. Kila mwenye skrini anashauriwa kuweka nakala ya pili ya kadi au diski yake mahali pakavu. Kifaa cha kulinda runinga dhidi ya stima inayopanda na kushuka pia huokoa gharama kubwa.

UKUTA, JOTO NA USALAMA

Si kila runinga inafaa kusimamishwa wima. Zile za kioo kinene hazifai kulazwa ubavu. Runinga bapa nyingi zina matundu ya kutolea joto yaliyopangwa kwa mkao wa mlalo. Zikisimamishwa, joto linaweza kukusanyika upande mmoja. Kitabu cha maelezo kisipotaja mkao wa wima, paachwe nafasi kati ya runinga na ukuta, na mgongo wake uguswe baada ya saa moja ili kupima joto.

Skrini za bei ya chini pia zinaweza kubadilika rangi zikitazamwa kutoka pembeni. Udhaifu uliokuwa juu na chini huhamia kushoto na kulia runinga inaposimamishwa, na anayekuja kutoka upande mmoja wa njia huona picha iliyofifia. Kabla ya kupiga msumari, ni vyema runinga ishikiliwe wima na itazamwe kutoka pande zote mbili.

Nyuma ya runinga kuna matundu manne ya skrubu. Yakiwa na umbali sawa kila upande, kwa mfano milimita 200 kwa 200, runinga huweza kuzungushwa kwenye kibao kile kile. Yakiwa 400 kwa 200, kibao kinachoikubali ikiwa wima ni lazima kitafutwe. Uzito ubebwe na nguzo za mbao za nyumba, wala si na bati au udongo.

Bati hupitisha stima. Waya unaopita katika tundu la bati lenye ncha kali unaweza kuchunika polepole hadi ukuta mzima ukawa hatari kwa anayeugusa, hasa wakati wa mvua. Waya upitishwe ndani ya mfereji wa plastiki, na kazi yoyote ifanywe baada ya kuchomoa plagi, kwani stima ya Kenya ni ya volti 240.

MANENO KATIKA UKANDA MWEMBAMBA

Hata picha ikikaa sawa, tangazo linaweza kushindwa kwa sababu ya maandishi. Kiswahili kina maneno marefu. Neno kama "tunawahudumia" hujaza upana wote wa skrini ya wima likiandikwa kwa herufi kubwa, na likikatwa katikati humchosha msomaji.

Kila mstari wa skrini ya wima ubebe maneno mawili au matatu. "Tunatoa huduma ya kupima sukari" inaweza kuwa "Pima sukari hapa". Bei ikae kwenye mstari wake peke yake. Ukurasa mmoja udumu muda wa kutosha kusomwa mara mbili kwa utulivu kabla ya kubadilika.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

Utaratibu ufuatao unatosha kwa hitilafu nyingi. Kwanza, diski ichomekwe katika tarakilishi ili kuthibitisha kwamba faili ni nzima. Pili, picha ya majaribio ichezwe kwenye skrini yenye tatizo. Tatu, kebo na tundu la HDMI vibadilishwe. Nne, diski ile ile ijaribiwe kwenye runinga ya jirani. Kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja, la sivyo haitajulikana kilicholeta nafuu.

Tatizo likifuata diski hadi kwa jirani, kosa ni la faili. Likibaki palepale hata kwa diski nyingine, ni la kichezeshi au skrini. Mistari isiyoondoka, giza upande mmoja wa kioo, au skrini isiyoonyesha hata orodha yake ya mipangilio ndizo dalili za ugonjwa wa runinga yenyewe, na hapo fundi ana kazi.

Mwishowe, kikaratasi kibandikwe nyuma ya runinga kikieleza mambo matatu: ukingo wa juu ulielekezwa upande gani, faili iwe ya vipimo vipi, na picha hugeuzwa wapi, kwenye faili au kwenye kichezeshi. Atakayeshika duka mwaka ujao hatalazimika kuanza kubahatisha upya.